Gari la zimamoto la kiwanda halitoi maji? Anza na hewa

Malalamiko huja kwa maneno mawili: "Pampu imekufa." Dereva wa zamu ya usiku ameyaandika kitabuni, msimamizi wa usalama ameyafikisha ofisini, na kabla ya chai ya saa nne mtu wa ununuzi ameshaanza kuulizia bei ya pampu nzima. Polepole, jamani. Pampu ya zimamoto ni chuma kizito chenye impela, gurudumu la mapezi, inayozunguka ndani yake. Haina mengi ya kuvunjika. Gari la kaunti huchakaa kwa kazi. Gari la kampuni, lile linalokaa chini ya bati huko Lunga Lunga, Embakasi au kando ya Mombasa Road jijini Nairobi likingoja siku ambayo kila mtu anaomba isije, huharibika kwa kusimama. Na kwenye gari linalosimama, vya kwanza kuharibika ni vile vyenye kazi ya kuzuia hewa: gasketi, sili, raba za viungo, diaframu za breki.

Ndiyo maana dalili nyingi zilizo hapa chini, hata zile zisizofanana kabisa, zina chanzo kimoja. Hewa imeingia isipotakiwa, au imetoka ilipotakiwa kukaa. Na sisi wa Nairobi tuna shida ya ziada ambayo wenzetu wa Mombasa hawaijui: hewa yetu yenyewe ni nyepesi.

Kabla ya kushika spana: vuta breki ya kuegesha, weka kabari magurudumuni, na usisimame mbele ya kifuniko cha pampu kabla hujahakikisha presha iliyo ndani imetolewa. Kifuniko kilichofunguliwa kikiwa na presha nyuma yake huruka na kuvunja uso wa mtu.

Maji ya tangi la gari hayatoki

Hili ni rahisi, tulimalize upesi. Tangi liko juu ya pampu, kwa hiyo maji yanapaswa kushuka yenyewe bila kufyonzwa. Yasiposhuka, shuku valvu iliyo kati ya tangi na pampu. Mkono wa valvu unaweza kusogea vizuri huku pini yake imekatika chini na valvu yenyewe haijafunguka hata kidogo. Kwenye magari ambayo valvu hufunguliwa kwa upepo, soma kwanza geji ya upepo wa breki, maana chanzo ni hicho hicho kimoja.

Pengine valvu imefunguka lakini hewa imenaswa juu ya pampu na maji hayana pa kuingilia. Fungua kidogo valvu ya kurudisha maji tangini, hewa ipate njia, kisha ongeza mizunguko ya injini taratibu. Kama maji huanza vizuri halafu yakafifia, panda juu ukague tundu la kupumulia la tangi. Nyigu hupenda kujenga humo. Tangi la plastiki lisilopumua linaweza hata kubonyea kwa ndani.

Na panda juu kwa jambo jingine: kutazama maji kwa macho yako. Taa za kuonyesha kiwango hudanganya. Tangi la lita 4,000 likitolewa lita 2,000 kwa dakika limekwisha ndani ya dakika mbili, na si mara moja pampu imesingiziwa kufa kumbe tangi lilikuwa tupu.

Gari linakataa kufyonza kutoka tangi la ardhini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwanza tuelewane juu ya kinachotokea. Pampu haivuti maji. Praima huondoa hewa ndani ya pampu na mpira wa kufyonzea, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Pwani, hewa hiyo ina nguvu ya bar 1.01, inayotosha kuinua maji mita 10.3 kama hakuna kinachopotea njiani. Nairobi iko mita 1,600 hadi 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina nguvu ya karibu bar 0.83. Hiyo huinua maji mita 8.5, tena kwenye karatasi tu. Ukitoa msuguano wa mpira, chujio na uvujaji mdogo usioepukika, pampu ambayo Mombasa ingefyonza kutoka kina cha mita 7, hapa inakaribia mwisho wake kwenye mita 5 na nusu. Na kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo kiasi cha maji kinavyopungua. Kile kiwango kilichoandikwa kwenye kibao cha pampu kwa kawaida hupimwa kwa kina cha mita 3 tu.

Sasa tazama tangi la ardhini la kiwanda chako. Tuseme lina kina cha mita 5, na mdomo wa pampu ya gari uko mita 1 juu ya ardhi. Siku ya mazoezi tangi limejaa, maji yako mita 1 na nusu chini ya pampu, gari linafyonza bila tabu na watu wanapiga picha. Siku ya moto wa kweli maji yanashuka. Yakifika mita 4 chini ya ardhi, gari linayatafuta kutoka mita 5. Sindano ya geji inaanza kurukaruka, pampu inanguruma vibaya, mchirizi wa maji unalegea, na mtu anapiga kelele kwamba pampu imekufa. Zima, acha ipoe, jaza tangi, itafanya kazi kesho kama kawaida, na fundi atalipwa kwa kutokuona chochote.

Dawa yake haiko kwenye gari. Piga mstari wa rangi ukutani mwa tangi, kwenye kina ambacho gari lenu limepimwa likakishindwa, na maji yaliyo chini ya mstari huo msiyahesabu mnapopanga akiba ya kuzimia moto. Kama mnayahitaji, nunueni pampu ya kuzamisha iyalete juu hadi kwenye gari. Ni bei nafuu kuliko pampu ya gari, na mjini kote huku kwenye mgao wa maji, akiba isiyofikika ni hasara mara mbili.

Ikiwa maji yako karibu na bado hayaji, acha kubahatisha, soma geji ya upande wa kufyonza. Inakueleza kila kitu ukijua kuisoma:

Ombwe (upungufu wa hewa ndani ya pampu) likiwa kubwa na maji hayaji, kuna kizuizi. Anza na chujio. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 lakini karatasi za nailoni bado hufika kwenye matangi yetu, sijui kwa miguu ipi. Chujio likiwa safi, shuku utando wa ndani wa mpira wa kufyonzea. Huu ni ugonjwa wa mipira iliyozeeka: kwa nje mzima, kwa ndani utando umebanduka, na unaponyonywa hujikunja na kuziba njia. Ukiutazama ukiwa umelala chini hutaona kitu. Mulika tochi upande mmoja huku mwenzako akitazama upande wa pili, mkitafuta uvimbe au mkunjo.

Ombwe likiwa dogo au sifuri, hewa inaingia mahali. Mhalifu wa kwanza, kuliko wengine wote, ni koki ndogo ya kutolea maji chini ya pampu iliyosahaulika wazi baada ya usafi. Wa pili ni raba ya kiungo cha mpira wa kufyonzea iliyokauka na kupasuka. Chukua spea chache, zipake mafuta ya silikoni, ziweke kwenye mfuko ndani ya gari. Baada ya hapo fuata vifuniko vya midomo mingine, vikalio vya valvu za kutolea, na vijibomba vya geji.

Ombwe likipanda na kushuka bila kutulia, mara nyingi chujio liko karibu mno na uso wa maji, na maji yanazunguka na kuvuta hewa. Lizamishe angalau mara tatu ya kipenyo cha mpira. Pia tazama mpira wote ulivyolala. Ukipita juu ya ukuta ulioinuka kuliko mdomo wa pampu, hewa itanaswa kwenye nundu hiyo na praima utaichosha bure.

Praima yenyewe nayo haikosi lawama. Ile ya umeme hunyonya mkondo mkubwa. Betri ikiwa dhaifu itazunguka lakini kwa uvivu, na ombwe halitakamilika. Zipo zinazohitaji oili kwenye kikopo chake, na kikopo hicho ndicho cha mwisho kukumbukwa na yeyote. Magari ya zamani yaliyotoka Uingereza yenye praima ya moshi wa ekzosi hujaza masizi kwenye kizibo, kizibo hakikai vizuri, na nguvu yote hutoka kupitia bomba la moshi. Viwango vya NFPA, shirika la Marekani la kujikinga na moto, hutoa sekunde 30 kwa pampu ya kawaida kupata maji, na sekunde 45 kwa zile za kuanzia galoni 1,500 kwa dakika, ambazo ni karibu lita 5,700. Ukipita hapo, acha, tafuta tundu. Kuendelea kubonyeza praima ni kuichoma.

Jaribio la ombwe kavu, ambalo kila brigedi inaweza kulifanya bila fundi

Toa maji yote kwenye pampu. Funga koki zote, funga valvu ya tangi, weka vifuniko kwenye midomo ya kufyonzea, na uondoe vifuniko vya midomo ya kutolea huku valvu zake zikiwa zimefungwa, ili kama valvu inavuja ujue. Endesha praima hadi sindano isimame. Funga praima, zima injini, kaa kimya.

Ukimya huo ni kifaa. Hewa inayoingia hupiga mluzi, na sikio zuri hulifikia tundu kabla ya macho. Pasipo na mluzi, paka povu la sabuni kwenye viungo. Panapovuja, povu hufyonzwa ndani.

NFPA hutaka ombwe la inchi 22 za zebaki, yaani karibu bar 0.74, lisipungue zaidi ya inchi 10 ndani ya dakika 5. Lakini kiwango hicho hicho kinaruhusu kutoa inchi 1 kwa kila futi 1,000 zinazozidi futi 2,000 za mwinuko. Nairobi tuko futi 5,500 hivi, kwa hiyo tunatoa inchi 3 na nusu, na shabaha yetu inakuwa inchi 18.5, takriban bar 0.63. Mkaguzi akija na karatasi ya pwani akakuandikia kwamba pampu imeshindwa kwa sababu haikufika 22, muulize karatasi yake ilipimwa wapi. Kwa upande wa pili, geji inayoonyesha ombwe la bar 0.9 hapa mjini haifai kupongezwa. Hewa yote ya nje ni bar 0.83, huwezi kuondoa zaidi ya iliyopo. Geji hiyo ni mbovu.

Pampu ikifaulu peke yake, unganisha mipira yote ya kufyonzea, ziba mwisho wake kwa kifuniko, urudie. Ikishindwa sasa, tatizo liko kwenye mipira wala si kwenye pampu, na umeokoa gharama ya kuifungua.

Maji yanatoka, presha haipandi

Ongeza mizunguko ya injini kidogo na usikilize. Pampu ikilia kama kokoto zinazungushwa ndani ya debe, na presha haisogei hata ukizidisha mizunguko, basi unaiomba maji mengi kuliko yanayoifikia. Viputo vya mvuke vinazaliwa kwenye jicho la impela na kupasuka kwenye mapezi yake, na kila kupasuka kunang'oa chembe ya chuma. Punguza mizunguko mpaka sauti ikome. Huo ndio uwezo wako kwa sasa. Ukitaka zaidi, rekebisha upande wa kuingilia: chujio, valvu ya tangi iliyofunguka nusu, mpira mwembamba, au tangi la ardhini tulilolizungumzia.

Pampu ikiwa kimya, presha imetulia, lakini inagoma kwenye bar 6 au 7 hata ufanye nini, shuku valvu ya kupunguzia presha. Ikiwekwa chini mno, au ikikwama wazi kwa sababu ya mchanga na kutu, inarudisha maji upande wa kufyonzea na pampu inazungusha maji yale yale. Izungushe hadi mwisho wake wa juu na kuirudisha mara kadhaa maji yakiwa yanapita. Mara nyingi hujisafisha. Wanaojaza tangi kwa maji ya kisima cha kuchimba, hasa yenye mchanga mwembamba, watalikuta tatizo hili mara kwa mara, na chujio la kijibomba kinachoiongoza valvu hiyo ndilo la kusafishwa kila mwezi.

Kuchakaa kwa impela na pete zake kupo, lakini huja polepole kwa miaka. Njia pekee ya kukujua ni kulinganisha: gari lilipokuwa jipya lilihitaji mizunguko mingapi ya injini kutoa bar 10 kwa nozeli ile ile? Kama hakuna aliyeandika, andika leo. Na kabla ya kuamini lolote, badilisha geji. Sindano iliyokwama imeshawafukuzisha kazi madereva wasio na hatia.

Ikiwa mwili wa pampu unachoma mkono, kuna mtu ameiacha inazunguka valvu zote zikiwa zimefungwa. Maji yaliyo ndani huchemka kwa dakika chache tu. Fungua mrudisho wa tangi kidogo kila unapongoja amri. Usimimine maji baridi ghafla kwenye pampu iliyochemka, na usifungue nozeli mikononi mwa mtu kabla haijapoa, maana kitakachotoka kwanza ni mvuke.

Matone chini ya shafti yanahitaji utulivu kabla ya kukaza. Kama pampu yako ni ya pakingi za kamba, inatakiwa kudondosha kidogo inapofanya kazi. Hayo matone ndiyo yanayoipoza, na anayekaza mpaka pawe pakavu anakwangua shafti. Kama ni ya sili ya kisasa, haitakiwi kudondosha kabisa, na ikidondosha mara nyingi ni kwa sababu iliendeshwa kavu.

Gia ya pampu haiingii, au gari halitoki getini

"Bosi, gari halina upepo." Sentensi hii asubuhi ya dharura ni mbaya kuliko pampu yoyote mbovu. Breki za kuegesha za lori hushikwa na springi na kuachiliwa kwa upepo, kwa hiyo upepo ukivuja usiku kucha gari limefungwa pale pale. Injini ikiwashwa, kompresa huchukua dakika kadhaa kujaza matangi, na hizo ni dakika ambazo mafuta ya kupikia au plastiki ya stoo haiwezi kukungoja.

Gia ya pampu, ile mafundi huiita PTO, kwenye magari mengi husukumwa na upepo huo huo. Ndiyo maana nasema soma geji ya upepo kabla ya kufungua chochote. Ikiwa upepo umejaa na gia bado haiingii, fuata mlolongo: breki ya kuegesha imevutwa? Gia kuu iko mahali ambapo mtengenezaji ametaka? Klachi inakata kabisa? Kuna swichi ndogo kwenye kila moja ya hizo, na moja ikiwa na kutu mfumo mzima unakataa kwa usalama wako. Kisha fyuzi, rilei, na valvu ya sumaku: mtu mmoja abonyeze kitufe, mwingine aweke kidole kwenye valvu asikie kama inagonga. Ikigonga na gia haisogei, bomba la upepo linavuja. Isipogonga, fuata umeme.

Kupima uvujaji wa breki hakuhitaji karakana. Jaza upepo, zima, soma geji, andika saa. Soma tena kesho asubuhi. Sabuni kwenye viungo, kwenye valvu ya mguu, kwenye vyungu vya breki vya nyuma. Toa maji chini ya matangi ya upepo. Yakitoka na oili ya kahawia, kikaushio cha hewa kimekwisha na kompresa inatema oili. Hadi mtakapotengeneza, fungeni kompresa ndogo ya umeme ukutani, iunganishwe na gari muda wote kwa kiungo kinachojichomoa gari linapoondoka. Brigedi yenye kompresa ya ukutani na chaja ya betri imeondoa nusu ya aibu zake. Chaja nayo itazamwe baada ya kila kupotea kwa stima, kwani zipo zisizojiwasha zenyewe umeme ukirudi.

Injini inachoka, inatoa moshi mweusi, au inachemka

Injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa mwinuko wetu hiyo ni kama asilimia 15 au zaidi kidogo. Gari kuukuu lililopimwa Ulaya karibu na bahari likishindwa kufikia namba za kibao chake hapa, si lazima liwe na ugonjwa. Lenye turbo halina kisingizio hicho kikubwa: likitoa moshi mweusi pampu inapobeba mzigo, kagua mipira ya turbo, filta ya hewa iliyojaa vumbi, kisha sindano za mafuta.

Dizeli iliyokaa miezi huvuna maji na utelezi mweusi unaoziba filta, na hujitokeza pale tu injini inapoombwa nguvu zote. Toa maji kwenye kitenganishi kila wiki, na nunueni mafuta pale mnapopaamini. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huikausha pampu ya sindano. Magari mapya yenye AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli, yana mtego wao: isipotumika huganda chumvi kwenye vipulizio, na kompyuta hupunguza nguvu za injini bila kujali kwamba kuna moto.

Kuchemka gari likiwa limesimama na kupampu, wakati barabarani liko sawa, kunaelekeza kwenye kipozeo kinachotumia maji ya pampu. Kina valvu yake na chujio lake dogo. Valvu imefungwa, au chujio limejaa kutu.

Povu halitoki, au linatoka maji yenye mapovu ya aibu

Eneo la viwanda la Nairobi lina rangi, vimumunyisho, mafuta na plastiki, na Nairobi haijasahau Sinai, Septemba 12, 2011, petroli ilipotoka kwenye bomba na kufuata mtaro hadi kwenye makazi, waliokufa wakizidi 100. Gari lisilo na povu mbele ya moto wa petroli ni la kupozea majengo ya jirani tu.

Kosa linalowashangaza wengi ni hili. Magari mengi huchanganya povu kwa mfumo unaochukua maji kidogo kutoka upande wa presha, kuyapitisha kwenye kinyonyaji, na kuyarudisha upande wa kufyonzea. Mfumo huo unahitaji upande wa kufyonzea uwe na presha ndogo. Gari likinywa maji ya tangi lake, povu ni zuri. Ukiliunganisha na haidranti au pampu kuu ya kiwanda yenye presha, kinyonyaji kinashindwa kurudisha, povu linakufa, na valvu ya kuzuia ikiwa mbovu maji hupanda hadi kwenye tangi la dawa ya povu na kuiharibu yote. Suluhisho: maji ya haidranti yapelekwe kwanza tangini, pampu inywe kutoka tangini.

Kwa kinyonyaji kinachowekwa kwenye hozi, tatizo la kawaida ni kutolingana. Kinyonyaji cha lita 450 kwa dakika chenye nozeli ya lita 225 hakitanyonya dawa. Wala hakitanyonya hozi ikiwa ndefu mno mbele yake, au nozeli ikipandishwa ghorofani, kwa sababu presha inayorudi nyuma imezidi.

Kagua pia kilichoandikwa kwenye dumu. Dawa ya asilimia 3 ikitumiwa kwenye mpangilio wa 6 huisha mara mbili upesi: kwa maji ya lita 2,000 kwa dakika, tangi la dawa la lita 400 linadumu dakika 6 na kitu kwenye 3, na dakika 3 na kitu kwenye 6. Kinyume chake povu huwa jepesi na halikai. Kwenye pombe, sanitaiza na vimumunyisho vinavyochanganyika na maji, povu la kawaida huliwa hapo hapo. Inahitajika dawa iliyotengenezwa kustahimili alkoholi. Na mtu wa ununuzi aambiwe mapema: dawa za makampuni mawili haziongezwi kwenye tangi moja. Zinaweza kuganda kama uji mzito, na hapo mabomba yote yatafunguliwa.

Hozi haiingii

Gari lina viungo vya Storz kwa sababu lilitoka Ujerumani, ukuta wa kiwanda una viungo vya Kiingereza vya kusukuma na kubana, na gari la kaunti litakalokuja kusaidia lina vyake. Hakuna kilichoharibika hapo, na maji hayapiti. Zungukeni na kila kiungo mkononi, kutoka gari hadi haidranti hadi tangi, muone kinachokataa, kisha tengenezeni vibadilishio na kuvifunga kwa mnyororo kwenye gari lenyewe. Vikiwekwa stoo, mwenye ufunguo atakuwa amekwama kwenye jamu.

Gari linayumba, usukani mzito

Gari la maji likiwa nusu tangi huyumba kuliko likijaa, hasa vizuizi vya ndani vikiwa vimeng'oka. Lijazwe au liwe tupu, lisiwe katikati. Kisha tazama matairi bila kuamini kashata, yaani meno ya uso wa tairi. Matairi ya gari linalosimama huonekana mapya huku raba imepasuka ubavuni. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. NFPA hutaka yabadilishwe yakifika miaka 7, yametembea au hayajatembea. Kabla ya kuagiza, soma namba ya kila tairi peke yake, na la spea pia, kwa sababu mara nyingi yamenunuliwa miaka tofauti.